Hati Ipo, Haki Je? Wasomaji Wanauliza Kuhusu Mali na Uhuru

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi, wakopaji, warithi na msomaji mmoja aliyepokea notisi ya kuhama. Tumezifupisha, na zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mwenzangu anashikilia kwamba bila haki ya kumiliki mali hakuna uhuru wowote. Mimi naona hiyo ni hoja ya wenye nazo. Asiye na kitu analindiwa nini?

JIBU: Umiliki hauhusu mtu na kiwanja chake tu, unahusu zaidi mtu na watu wengine. Anayesema "shamba hili ni langu" anasema kwamba kila mtu mwingine ana wajibu wa kutoingia bila ruhusa yake, na kwamba anayeingia dola itamtoa. Kwa hiyo kila haki ya mali humwongezea mmoja uhuru na kuwapunguzia wengine wote, japo kidogo. Mwenzako anatazama upande wa ndani ya uzio, wewe unatazama wa nje, na wote wawili mnaona vizuri.

Hata John Locke, Mwingereza ambaye watetezi wa mali hupenda kumtaja, aliweka sharti. Katika maandishi yake ya mwaka 1689 alisema mtu hujipatia mali kwa kuchanganya kazi yake na vitu vya asili, mradi wengine wamebakiziwa vya kutosha na vizuri vilevile. Nusu ya kwanza hunukuliwa sana. Ya pili hupitwa haraka.

Kwamba mali inaweza kulindwa kikamilifu huku uhuru ukikanyagwa, historia imeshaonyesha. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo ilikwenda kwa wamiliki, kwa kuwa walikuwa "wamepoteza mali". Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti, tena wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale hadi mwaka 1838. Deni lililokopwa kwa ajili ya fidia hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015.

Hata hivyo, usiharakishe kumwachia tajiri hoja hii. Tajiri akinyang'anywa kiwanja kimoja ana wakili, ana akiba, pengine ana nyumba nchi nyingine. Mwenye cherehani moja akinyang'anywa ile cherehani, riziki imekwisha siku hiyohiyo. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 17, linasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali, peke yake au pamoja na wengine, na kwamba asinyang'anywe kiholela. Hilo neno la mwisho ndilo kinga ya mnyonge. Maana yake, kwa vitendo, ni kwamba anayechukua mali ya mtu aonyeshe sheria iliyomruhusu, atoe maandishi ya alichokichukua, na awepo mtu mwingine, asiyekuwa bosi wake, wa kumpelekea malalamiko. Palipo na mambo hayo matatu, hata mwenye vichache ana uhuru fulani. Yasipokuwepo, mwenye vingi naye huishi kwa kujuana na wakubwa, na siku wakubwa wakibadilika anatafuta pa kujificha.

SWALI: Tuliambiwa kiwanja kikipata hati, mwenye nacho atakopesheka. Hati ninayo, benki imekataa. Faida yake nini?

JIBU: Ahadi hiyo ilienea sana kuanzia mwaka 2000 kupitia mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliyeziita nyumba na viwanja visivyo na hati "mtaji mfu": thamani ipo, lakini haiwezi kukopewa. Hoja yake ina ukweli ndani yake, ila iliruka hatua.

Afisa mikopo haanzi na hati. Anaanza na kipato: fedha ya marejesho itatoka wapi kila mwezi? Kisha anajiuliza, mkopaji akishindwa, nyumba itauzika? Kesi ya kuiuza itachukua miezi mingapi, na siku ya mnada nani atajitokeza kununua nyumba ya jirani yake? Mtaa ukiwa na mshikamano, hakuna anayepandisha bei, na benki inabaki na dhamana isiyogeuka fedha. Halafu kuna gharama zisizopungua: kuthamini, kusajili rehani, kufuatilia. Gharama hizo hulingana kwa mkopo mdogo na mkubwa, kwa hiyo mkopo mdogo wenye dhamana ya hati humtia mkopeshaji hasara kabla haujaanza kulipwa.

Kuna mahali jambo hili lilijipima lenyewe. Mwaka 1981 familia zipatazo 1,800 zilivamia eneo la San Francisco Solano, pembezoni mwa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, zikidhani ni ardhi ya serikali. Kumbe ilikuwa ya watu binafsi. Mwaka 1984 sheria ilipitishwa ya kuitwaa na kuwapa wakaaji. Baadhi ya wamiliki wa awali walikubali fidia, wengine wakaenda mahakamani na kesi zikaburuzwa miaka mingi. Matokeo yake, majirani waliofanana kwa kila hali walijikuta wengine wana hati na wengine hawana, bila wao kuchagua. Watafiti Galiani na Schargrodsky, walioandika mwaka 2010, walikuta wenye hati wamejenga nyumba bora zaidi, kaya zao ni ndogo zaidi, na watoto wao wamesoma zaidi. Upande wa mikopo tofauti ilikuwa ndogo, na kipato cha kazi hakikutofautiana.

Nchini Peru kwenyewe, hati zaidi ya milioni moja zilitolewa mijini kuanzia miaka ya 1990, na utafiti wa Erica Field ulionyesha kwamba waliopata hati walianza kufanya kazi saa nyingi zaidi nje ya nyumba. Kabla ya hapo mtu mmoja alilazimika kubaki nyumbani ili nyumba isionekane tupu ikavamiwa. Faida yenyewe ndiyo hiyo: hati humwondolea mtu zamu ya ulinzi. Ni uhuru wa kutoka asubuhi na kufunga mlango, na kwa maoni yetu unazidi mkopo.

Ukifika siku ya kukopa, soma mambo haya kabla ya kuweka nyumba rehani: riba inaweza kupandishwa na nani na kwa taarifa ya siku ngapi, kuchelewesha marejesho mangapi kunahesabika kuwa umeshindwa, je, rehani inafunika mkopo huu tu au na madeni mengine utakayochukua baadaye, yakiwemo uliyomdhamini ndugu, na bei ya chini ya mnada imewekwa na nani. Ukimaliza kulipa, usiridhike na barua ya pongezi. Dai hati ya kufuta rehani na uipeleke kwa msajili mwenyewe. Wengi husahau, na miaka kumi baadaye warithi hugundua kwamba nyumba bado imefungwa kwa deni lililokwisha.

SWALI: Nilinunua kiwanja, nina mkataba wenye sahihi, mashahidi na muhuri. Si hayo tu yanatosha?

JIBU: Inategemea rejista ya nchi yako ni ya aina gani. Aina ya kwanza huhifadhi nyaraka: inaonyesha kwamba fulani alimuuzia fulani, lakini haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Mnunuzi hulazimika kufuata mnyororo wa mauzo kurudi nyuma miaka mingi, na pete moja ikiwa bovu, wote waliofuata wamo hatarini. Aina ya pili ilianzishwa Australia Kusini mwaka 1858 na Robert Torrens: aliyeandikwa kwenye rejista ndiye mwenye mali, basi. Katika mfumo huo mkataba wako, hata uwe na mihuri saba, kwa kawaida haujakupa umiliki mpaka jina lako liingie kwenye rejista. Hapo katikati muuzaji asiye mwaminifu anaweza kumuuzia mtu wa pili, na huyo wa pili akisajili kwanza kwa nia njema, huenda ukabaki unamdai muuzaji fedha huku kiwanja kimekwenda.

Mfumo wa Torrens ni mwepesi kwa biashara, lakini una ukali wake: kosa au hila ikiingia kwenye rejista, mwenye mali halali anaweza kuipoteza kabisa. Ndiyo maana sheria ile ya kwanza iliambatana na mfuko wa kuwafidia waliopoteza ardhi kwa namna hiyo. Nchi zilizonakili rejista zikaacha mfuko ziliupenda wepesi zikasahau mwathirika.

Fanya utafutaji rasmi kwenye rejista siku ileile ya malipo, si mwezi uliopita. Tazama rehani, zuio na amri za mahakama. Tembea mpakani pamoja na majirani, na umuulize aliyeko ndani ya kiwanja yuko pale kwa haki gani. Sehemu kubwa ya fedha ibaki kwa wakili au kwenye akaunti ya pamoja hadi jina libadilike.

SWALI: Shamba tulilinunua wote wawili, hati ina jina la mume wangu peke yake. Afisa alisema "ni utaratibu tu".

JIBU: Dada, huo ni utaratibu wenye meno. Kabla ya usajili, mila ilikuwa inamtambua mke kuwa mwenye haki ya kulima na kukaa, hata kama si ya kuuza. Usajili huchukua haki nyingi zilizolaliana juu ya shamba moja na kuzibana kwenye mstari mmoja. Ambaye jina lake halikuingia, haki yake inakuwa ya kubembeleza.

Nchini Rwanda, ardhi yote ya nchi iliposajiliwa kwa miaka michache kuanzia 2009, fomu ilikuwa na nafasi za wanandoa wote wawili. Tathmini ya maeneo ya majaribio ilionyesha wake wenye ndoa zilizosajiliwa wakiimarika, na wanaoishi na waume bila cheti wakirudi nyuma. Sheria iliwalinda waliokuwa tayari wana karatasi.

Hatua za kuchukua: tafuta stakabadhi zinazoonyesha ulichangia (malipo, vifaa, kazi), hakikisha ndoa yako ina cheti, kisha ombeni kuongeza jina kwa umiliki wa pamoja. Umiliki wa pamoja una sura mbili, na fomu nyingi hukutaka uchague. Katika sura ya kwanza, mmoja akifariki yote yanahamia kwa aliyebaki. Katika ya pili, kila mmoja ana fungu lake na anaweza kulirithisha kwa mwingine. Mume akigoma, uliza kama sheria inaruhusu mwenzi kuweka zuio kwenye rejista. Halikupi umiliki, ila linazuia shamba lisiuzwe wala kuwekwa rehani kimyakimya.

SWALI: Kama haki ya mali ni takatifu, ardhi iliyoporwa zamani nayo imetakaswa kwa sababu tu aliyeipora alipata hati?

JIBU: Swali zito kuliko yote tuliyopokea. Hata Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani aliyetetea mali binafsi kwa nguvu zote mwaka 1974, alikiri kwamba umiliki ni halali pale tu mali ilipopatikana kwa haki na kupita mikono kwa haki, na kwamba palipokuwa na dhuluma lazima pawe na marekebisho. Hakueleza marekebisho yafanywe vipi. Ugumu umejificha hapo.

Afrika Kusini ilijaribu kueleza. Sheria ya ardhi ya tarehe 19 Juni 1913 iliwafungia Waafrika katika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi, kiwango kilichokuja kuongezwa hadi karibu asilimia 13. Sheria ya marejesho ya mwaka 1994 iliruhusu walionyang'anywa baada ya tarehe ile kudai, na mwisho wa kuwasilisha madai ukawekwa kuwa Desemba 1998. Madai karibu 80,000 yaliletwa, mengi ya mijini, na wadai wengi wakaishia kuchukua fedha badala ya ardhi. Tazama jinsi kila namba inavyotenga watu: tarehe ya mwanzo iliwaacha walionyang'anywa kabla ya 1913, ya mwisho ikawaacha ambao habari haikuwafikia.

Njia nyingine ni kuacha kumtafuta mporaji mmojammoja na kugawa upya. Japani, chini ya sheria ya mwaka 1946, serikali ilinunua ardhi yote ya makabaila wasioishi kijijini. Makabaila waliokuwa wakiishi hapo waliruhusiwa kubakiza takriban hekta moja ya kukodisha, isipokuwa kisiwa cha Hokkaido ambako zilikuwa nne. Bei ilifungwa, mfumuko wa bei ukaila, na makabaila wakajikuta wameuza karibu bure. Sehemu ya mashamba yaliyolimwa na wapangaji ilishuka kutoka takriban asilimia 46 hadi karibu 10.

Taiwan ilikwenda kwa hatua. Mwaka 1949 kodi ambayo mpangaji humlipa kabaila iliwekewa ukomo wa asilimia 37.5 ya zao kuu. Mwaka 1953 makabaila walilazimishwa kuuza kilichozidi kiwango, kwa bei ya mara mbili na nusu ya mavuno ya mwaka: asilimia 70 kwa hati za dhamana, yaani ahadi za maandishi za kulipwa baadaye, zilizolipwa kwa mchele na viazi vitamu, hivyo mfumuko wa bei haukuzigusa, na 30 kwa hisa za makampuni manne ya serikali. Wakulima walilipa kwa miaka kumi.

Nchi zote mbili zilikua kwa kasi baadaye, na wachumi wengi huona mageuzi hayo yalichangia. Lakini Japani ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, na Taiwan chini ya sheria ya kijeshi, ikitawaliwa na chama kilichotoka China bara ambacho viongozi wake hawakuwa na mashamba pale kisiwani. Bunge lililojaa makabaila lisingepitisha mambo hayo. Atakayekwambia kwamba haki, uhuru na maendeleo husafiri gari moja daima, mwulize kuhusu miaka hiyo.

Kwa maoni yetu, kugawa upya kunavumilika iwapo kunafanyika mara moja, kwa kanuni moja inayowahusu wote, na anayepewa anapata hati kamili anayoweza kuitumia hata dhidi ya serikali iliyompa. Akipewa kibali cha kukaa kinachoweza kufutwa na ofisa, kabaila hajaondoka. Amebadilishwa tu.

SWALI: China imekua bila kumpa mtu ardhi iwe yake. Je, hilo halivunji nadharia yote kwamba maendeleo yanahitaji haki ya mali?

JIBU: Linavunja nusu yake. Mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, walitia alama za vidole kwenye karatasi ya siri: kila kaya ilime kipande chake, ipeleke mgawo wa serikali, kinachobaki kiwe chake. Waliahidiana pia kulea watoto wa yeyote atakayefungwa. Ardhi ilibaki ya wote, kilichobadilika ni mwenye ziada. Utaratibu kama huo ulipoenea nchini, mavuno yalipanda sana. Kwa hiyo kinachomsukuma mtu azalishe ni uhakika kwamba jasho lake halitachukuliwa, hata kama hana hati ya umiliki kamili.

Nusu iliyobaki ilijionyesha miji ilipopanuka. Kwa miaka mingi sheria ya China ilikadiria fidia ya shamba kwa mavuno yake, na jumla haikutakiwa kuzidi mara 30 ya thamani ya mavuno ya mwaka. Shamba lilitwaliwa kwa hesabu ya mazao, kisha haki ya kulitumia ikauzwa kwa wajenzi kwa bei ya mjini, na tofauti ikaingia kwenye hazina ya serikali ya mtaa. Fomula hiyo iliondolewa kwa marekebisho ya mwaka 2019. Ukuaji ulikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni mahali ambapo mkulima angesema "bei hii nakataa" na akasikilizwa. Mwanauchumi wa India, Amartya Sen, huhesabu uwezo huo kuwa sehemu ya maendeleo yenyewe, na sisi tuko upande wake.

SWALI: Malisho yetu ni ya pamoja. Wataalamu wanasema yagawanywe, la sivyo yataharibika.

JIBU: Si lazima. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alieleza kijiji cha Törbel nchini Uswisi, ambako kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mtu kupeleka malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Malisho yale yalidumu kwa karne nyingi. Kinachoharibika ni mali isiyo na mwenyewe, na ya pamoja inaye. Andikeni nani ni mwanachama, kila mmoja ana mifugo mingapi, nani anakagua, na adhabu ianze ndogo na kupanda kwa anayerudia. Kisha sajilini kundi lenyewe kisheria, maana bila hivyo mwekezaji ataambiwa ardhi hiyo ni tupu.

SWALI: Nimepokea notisi kwamba eneo langu linatwaliwa kwa "manufaa ya umma". Nifanye nini kwanza?

JIBU: Kwanza hesabu siku. Karibu kila sheria ya utwaaji ina muda mfupi wa kupinga, na muda huo huanza kwenye tarehe ya notisi au ya kuipokea. Andika tarehe uliyoipokea na uhifadhi bahasha.

Pili, soma manufaa yaliyotajwa. Barabara na bwawa havina utata mkubwa. Utata huja pale ardhi inapochukuliwa kutoka kwa mtu binafsi na kukabidhiwa mtu binafsi mwingine kwa jina la kukuza uchumi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, iliruhusu hilo kwa kura 5 dhidi ya 4. Nyumba ziliondolewa, mradi uliokusudiwa haukujengwa, na ardhi ikakaa tupu kwa miaka. Majimbo zaidi ya 40 yalibadili sheria zao baada ya hapo. Kwa hiyo omba kwa maandishi mpango wa mradi, jina la mnufaika, na kifungu kinachosema ardhi itarudi vipi usipojengwa.

Tatu, usingoje mthamini wa serikali afike ndipo uanze kuhesabu. Piga picha zenye tarehe. Orodhesha majengo, kisima, uzio, makaburi, kila mti na umri wake, na biashara inayoendeshwa pale pamoja na kumbukumbu za mauzo. Wapangaji wako nao waandikishwe, kwani hupoteza makazi na mara nyingi hawamo kwenye jedwali. Uliza thamani ni ya tarehe gani: ikiwa ni ya kabla ya mradi kutangazwa na malipo yakaja miaka mitatu baadaye, bei za viwanja vya jirani zitakuwa zimekuacha. Uliza pia fidia ya usumbufu, gharama ya kuhama na riba ya ucheleweshaji. Ukiweza, leta mthamini wako mwenyewe aliyesajiliwa. Tofauti kati ya ripoti mbili zilizoandikwa vizuri ndiyo inayokupa la kujadili.

Nne, jihadhari na fomu ya malipo. Nyingi zina sentensi inayosema umepokea "fidia kamili na ya mwisho". Kama sheria yako inaruhusu kupokea huku ukipinga, andika kwa mkono juu ya sahihi yako kwamba unapokea bila kuathiri haki ya kudai kilichosalia, na uondoke na nakala yenye muhuri. Kama hairuhusu, mwone wakili kabla ya kugusa kalamu, na usikabidhi ufunguo wala hati halisi mpaka fedha iwe imeingia kwenye akaunti.